Kwa nini kuku wako anaungua nje na kubaki mbichi ndani

Kazi yangu ni kuchoma nyama kwenye sherehe za nyumbani hapa Nakuru, na swali linalonifuata kila uani ni la viungo. "Fundi, umemtia nini?" Chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, basi. Mwenye kuku mweusi nje na mbichi kwenye kiungo cha paja hana shida ya viungo. Shida yake ni mahali alipomwaga makaa.

Wengi huyatandaza makaa jiko zima. Mbuzi atastahimili hilo, kuku hatastahimili. Mafuta ya ngozi yake hudondokea makaa, moto unaruka, na ngozi inashika masizi kabla paja halijapata joto la maana. Mimi nachomea kwenye nusu ya pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu (liwe lilibeba mafuta ya kupikia, si kemikali, tafadhali). Makaa yote nayasukuma upande mmoja, ule mwingine nauacha mtupu. Nikipata makaa ya mathenge kutoka Baringo nafurahi. Mti huo umewatesa wafugaji wa huko, mbuzi wanapoteza meno kwa maganda yake, lakini makaa yake ni mazito na hayaishi haraka. Usiweke nyama mpaka yawe na jivu jeupe juu, na mafuta ya taa yaache dukani.

Chumvi naitia usiku wa kuamkia sherehe, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kila kilo, ipate muda wa kuingia. Limau hapana, bado. Tindikali yake ikikaa usiku kucha inaifanya nyama ya juu iwe kama unga. Kamulia mezani.

Kuku wa broila napasua mgongoni. Nakata kwa makasi pande zote mbili za uti, namgeuza kidari kiwe juu, kisha nakibonyeza kwa kiganja mpaka mfupa ulie ko! Sasa amelala bapa na unene wake umekaribiana. Namweka upande usio na makaa, mifupa ikitazama chini, mapaja yakielekea moto na kidari kikiwa mbali nao, maana paja linataka joto zaidi. Namfunika kwa sufuria kuukuu. Kama dakika arobaini hivi, kutegemea uzito wake na upepo wa siku hiyo, simgeuzigeuzi. Mwisho ndipo nampeleka juu ya makaa, ngozi chini, nikiwa nimeshika koleo na macho hayabanduki. Dakika chache tu. Mchuzi wowote wenye sukari au asali unapakwa hapa, si mapema, kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaiva.

Halafu kuna ugomvi wa wekundu. Shangazi mmoja huwa hakosi: "Kijana wangu, huyu bado ana damu!" Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa yake haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya mpaka nyama iliyo karibu nayo. Nyama hiyo inaweza kuwa nyekundu ilhali imeiva kabisa. Kinyume chake pia ni kweli: nyama nyeupe si ushahidi kwamba imeiva. Ndiyo maana natembea na kipimajoto cha nyama. Nakichoma kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 za Selsiasi, kuku ni salama. Paja mimi hulisubiri lifike 80 na kitu, kwa sababu hapo ndipo kano zake hulegea. Kidari kikifika huko kimekuwa pamba. Naye shangazi nampa bawa lililokauka, anatulia.

Haya yote ni ya broila. Jogoo wa kienyeji wa mwaka mzima, yule ambaye mgeni kutoka Kakamega atamuuliza kwa jina la ingokho kabla hajaketi, ukimweka juu ya makaa akiwa mbichi atakutoa jasho bure. Ametembea, kano zake zimekomaa, na joto kavu humkaza zaidi. Lazima achemshwe kwanza, moto mdogo, chumvi na tangawizi, mpaka uma uingie pajani bila kubishana. Na huku kwetu Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mapishi aliyokupa rafiki yako wa Mombasa ongezea muda. Akilainika, mfute maji akauke vizuri, mpake mafuta kidogo, mpe makaa robo saa apate rangi na moshi. Kuku wa kienyeji aliyeboreshwa, wa miezi mitano, yuko katikati: mchemshe kwa muda mfupi zaidi.

Supu usimwage. Mimi huitia dania na pilipili, naipeleka kwa vikombe kwa wazee waliokaa kivulini, na baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena kuku ataiva saa ngapi.