Kiwanja cha viwanda si ruhusa ya kurundika mali nje

Wapo wenye viwanja Nairobi, hasa kule Industrial Area, wanaoamini hivi: ardhi ni ya viwanda, sijajenga kitu, kwa hiyo nikiweka kontena na vyuma chakavu uani hakuna wa kuniuliza. Sivyo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 haiangalii ujenzi peke yake. Kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kiasi kikubwa nako ni uendelezaji, hata kama hujapanga tofali moja. Karakana iliyogeuzwa yadi ya kontena inaweza kabisa kuangukia hapo, na uendelezaji unahitaji kibali cha kaunti. Kuanza bila kibali ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Kwa nini kaunti iingilie? Mvua husomba mafuta na kutu hadi mitaroni, maji hutuama kwenye matairi na mbu wakazaliana, na mirundo huziba njia ya magari ya zimamoto. Mto Ngong unapita huko huko, na watu wa Mukuru wanaishi ubavuni mwa viwanda. Mimi huwafikiria hao kwanza, kabla ya mwenye kiwanja.

Mwenye kiwanja naye ana haki zake. Kaunti inaweza kukubali kwa masharti badala ya kukataa, na asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya mipango ya kaunti inayosikiliza migogoro hiyo, kisha mahakamani.