Uzamili wa vipengele vya kibinadamu na utambuzi tumizi si shahada ya ushauri nasaha

Ukisema unasomea uzamili wa vipengele vya kibinadamu na utambuzi tumizi (kwa Kiingereza, Human Factors and Applied Cognition), ambao vyuo vingi vya Marekani huufundisha katika idara ya saikolojia, wengi hudhani utahitimu uwe mtu wa kusikiliza matatizo ya watu. Dhana hiyo inaeleweka: kwetu neno saikolojia limezoeleka kwenye ushauri na tiba.

Fani yenyewe humtazama mtu mwenye afya zake anapotumia kifaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani hodari wa ndege za kivita za Marekani walikuwa wakishatua salama, kisha wanakunja magurudumu badala ya vibawa vya nyuma ya bawa (flaps), na ndege inalala kwa tumbo. Swichi mbili hizo zilifanana, tena zilikaa jirani. Kuwakemea kusingesaidia. Kipini kimoja kikapewa umbo la gurudumu, kingine umbo la bawa, na mkono ukajua bila jicho kutazama. Hata leo, kwenye ndege za abiria, kipini cha magurudumu kina kigurudumu.

Ndiyo maana darasani husomwa jinsi umakini na kumbukumbu za mtu zinavyofanya kazi, pamoja na majaribio na takwimu (nyingi kuliko wanavyotarajia waliokimbia hesabu).

Kuhakiki ni rahisi. Fungua orodha ya masomo ya chuo. Ukikuta saa za mafunzo ya kliniki na maelezo ya leseni ya kutibu, hiyo ni shahada nyingine. Kisha soma matangazo ya kazi: utaona usanifu wa programu, vifaa vya hospitali, usalama wa usafiri.