Fedha za NIH baada ya Mei 2025: anwani yako iko wapi?

"Shikamoo dada. Wale Wamarekani wameniandikia. Wanasema hawawezi tena kutuweka kwenye bajeti yao."

Aliyeniletea habari hiyo ni daktari kijana wa watoto, kompyuta mkononi, andiko lake limebaki kurasa mbili kukamilika. Nikamwambia avute kiti. Nilijua siku hiyo itafika, sema sikujua ingeanza na yeye.

Mimi ni afisa ruzuku kwenye taasisi ya utafiti wa afya hapa Tanzania. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyopenda kukiri. Chuo cha Marekani kinashinda ruzuku ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazofadhili utafiti), kinatukatia fungu letu, sisi tunafanya kazi na kupeleka ankara kila robo mwaka. Masharti magumu walikuwa wanayabeba wao. Tulikuwa tunakula meza ya jirani, na vyombo anaosha jirani.

Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitoa tangazo lenye namba NOT-OD-25-104. Kwa kifupi: haitatoa tuzo yoyote, iwe mpya, ya kuhuishwa au ya kuendelea mwaka unaofuata, ikiwa ndani yake kuna mgawo unaokwenda kwa taasisi iliyo nje ya Marekani, mpaka utaratibu mwingine uwe tayari. Hoja yao ni kwamba fedha zikishavuka mpaka kupitia mgongo wa chuo, serikali yao haioni vizuri zinakoishia. Dalili tulikuwa nazo. Tangu 2024 aliyepokea mgawo nje ya Marekani alitakiwa kumpa mpokeaji mkuu nakala za madaftari ya maabara, takwimu na nyaraka angalau mara moja kwa mwaka. Tulilalamika, tukatekeleza, tukasahau.

Utaratibu uliofuata unataka andiko liwe moja, lakini kila mshirika wa nje apewe tuzo yake yenye namba yake, iliyofungwa na tuzo kuu. Aina hizo mpya zina majina ya PF5 na UF5. Ya pili ni ile ambayo maofisa wa NIH wenyewe wana mkono katika kuiendesha. Kwa aliyeko Moshi, Kisumu au Mbarara maana yake ni kwamba fedha zinatoka Marekani zinakuja kwako moja kwa moja, na maswali yanakuja kwako moja kwa moja pia.

Kwa hiyo mtafiti akija ofisini kwangu siku hizi simuulizi kwanza anataka kutafiti nini. Namuuliza kama taasisi yake imesajiliwa.

Usajili una mpangilio wake, na ukiuvuruga unarudi mwanzo. Taasisi ya nje ya Marekani inaanza na namba ya NCAGE, msimbo wa kuitambulisha taasisi. Ukishaipata unaingia SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, ambako utapewa namba ya utambulisho ya UEI, ile iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022. Ndipo unakwenda Grants.gov, tovuti ya maombi ya ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe wa kufuatilia maandiko. NIH wanashauri uanze walau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi nasema miezi mitatu, na sababu ninayo.

Sababu yenyewe ni anwani. SAM.gov inataka jina la kisheria na mahali taasisi ilipo, na sanduku la posta halihesabiki kuwa mahali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba taasisi yetu, yenye maabara, gari tatu na mlinzi wa usiku, kimaandishi inaishi ndani ya S.L.P. Cheti cha usajili, taarifa ya benki na barua za mamlaka ya mapato, zote zilikuwa na S.L.P. Nikakumbuka ankara ya umeme. Umeme gani? Tunanunua LUKU kwenye simu; kinachorudi ni tarakimu ishirini, basi. Ankara ya maji ilikuwa na namba ya mita na jina la mtaa, bila namba ya jengo. Hati ya kiwanja ikaonyesha namba ya kitalu, lakini jina lililoandikwa ni lile la zamani, la kabla hatujabadilisha katiba.

Hilo lilikuwa kosa letu wenyewe. Jina lilibadilika miaka ileee, na hakuna aliyepita faili kwa faili kulirekebisha. Nikaenda serikali ya mtaa. Mtendaji akaniandikia barua nzuri ya utambulisho, yenye mhuri, jina la barabara, namba ya jengo na postikodi, vile vilivyotokana na zoezi la anwani za makazi la 2022. Barua ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo ikabidi itafsiriwe rasmi; nikaipeleka BAKITA. Ilipopokelewa nikadhani nimemaliza, kumbe kwenye NCAGE nilikuwa nimeandika neno "Limited" kwa ukamilifu na kwenye SAM nimeweka "Ltd". Kwa binadamu ni kitu kilekile, ila mfumo unaona taasisi mbili.

Mwezi na siku kumi na tisa ziliishia hapo. Usajili wa SAM unahuishwa kila mwaka, kwa hiyo weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya watu wawili, si mmoja. Na angalieni nani ndiye afisa mwenye saini kwenye eRA Commons. Nawajua watu ambao afisa wao alistaafu, akaondoka na nywila kichwani, na ile namba ya siri ya kuingilia ikawa inatumwa kwenye simu yake akiwa shambani.

Jambo jingine ambalo kila mwaka linazua ubishi ni saa. Tarehe za kawaida za andiko jipya la R01, ruzuku kuu ya utafiti ya NIH, ni 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. Za R21, ile ndogo ya utafiti wa kuchunguza wazo, ni tarehe 16 za miezi hiyohiyo. Mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali taasisi inayoomba ilipo, yaani hapa kwetu, si Washington. Mtafiti anayejipa matumaini kwamba Wamarekani bado wamelala anajidanganya. Tarehe 5 Oktoba ikigonga saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, kule ni saa nne asubuhi, na kwako mlango umefungwa. Ubaya zaidi, dawati lao la msaada linafunguliwa kwetu ikiwa tayari ni alasiri. Tuma siku tatu kabla. Baada ya kutuma una siku mbili za kazi za kulitazama andiko kwenye eRA Commons kama lilivyopokelewa, na makosa uliyoyaona unayarekebisha ikiwa tu tarehe ya mwisho haijapita.

Sasa habari njema, kwa sababu ipo. Kwa maandiko ya kuanzia 25 Januari 2025, NIH ilibadilisha namna ya kuhakiki maandiko mengi ya utafiti. Vile vigezo vitano vya zamani vimekunjwa vikawa mambo matatu. La kwanza ni umuhimu wa utafiti. La pili ni uimara wa mbinu na kama kazi inatekelezeka. Hayo mawili yanapewa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. La tatu ni ujuzi wa watu na mazingira yao, na hili halipewi alama tena: wahakiki wanasema yanatosha, au wanaeleza kilichopungua. Hilo nalichukulia kama kitu kikubwa kwetu. Zamani taasisi isiyo na jina ilikatwa alama kabla mtu hajafika ukurasa wa mbinu. Sasa hutakiwi kushindana na majengo ya Boston. Unatakiwa uonyeshe kwamba jokofu lako lina jenereta na mtakwimu wako yupo kweli.

Lakini msilegee. Taasisi ya nje inaambatisha maelezo ya kwa nini kazi hii ifanyike huku na si Marekani. Daktari wangu alileta sentensi iliyosema Tanzania ina mzigo mkubwa wa magonjwa na watafiti wenye ari. Nikamuuliza, "Daktari, hii si ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, wa nchi yoyote?" Utafiti wake ni wa selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na Muhimbili imekuwa kitovu cha SPARCO, mtandao wa Afrika wa utafiti wa selimundu unaofadhiliwa na NIH hiyohiyo. Tukakaa tukaandika upya: kliniki yake inaona watoto wangapi kwa wiki, wangapi wanarudi baada ya mwaka, sampuli zinasafiri saa ngapi mpaka maabara. Aya moja, lakini ukiisoma unajua hakuna mahali pengine kazi hiyo ingefanyika vilevile.

Bajeti sitaisema sana. Taasisi ya nje haitumii ile bajeti ya mafungu. Inaandika kila kitu kwa dola, mshahara kwa mshahara, na shilingi ikiyumba baada ya tuzo hakuna atakayekufidia. Gharama za uendeshaji kwetu zimekuwa asilimia 8 kwa miaka mingi. Februari 2025 NIH ilipotangaza kwamba vyuo vya Marekani vitapewa asilimia 15 tu kwa gharama hizo, kule ilikuwa kilio na kesi, na mahakama ikazuia. Mimi na mhasibu tulisoma habari hiyo tukatazamana, hatukusema kitu.

Maadili na takwimu ndipo watu wetu wanapokwama wakiwa wameshashinda. Kibali cha maadili hakitakiwi siku ya kutuma. Kinaombwa baadaye, andiko likishaonekana lina nafasi. Ndiyo maana watu wanakiacha. Barua pepe ya kukiomba ikifika unakumbuka kwamba kamati ya taasisi inakutana mara moja kwa mwezi, halafu kuna kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, halafu kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukifanya kazi Zanzibar kuna kamati yao. Anza mapema.

Tangu 25 Januari 2023 NIH inataka pia mpango wa kutunza na kushirikisha takwimu, ambao walishauri usizidi kurasa mbili. Watu wananakili wa rafiki. Shida ni kwamba sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Wakenya wana ya kwao ya 2019, na taarifa za afya zinalindwa zaidi kuliko nyingine. Ukiahidi kule kwamba takwimu zote zitawekwa wazi, wakati fomu ya ridhaa ya mgonjwa huku inasema hazitatoka hospitalini, umeahidi mambo mawili yanayopigana. Ndiyo maana mimi naanza na fomu ya ridhaa kwanza. Kama mama wa mtoto hajaelezwa kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba taarifa zisizo na jina zinaweza kutumiwa na wengine, sitii saini.

Mengine kwa haraka. Kuanzia 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu mmoja haruhusiwi kutuma maandiko zaidi ya sita kwa mwaka, na andiko ambalo sehemu yake kubwa imetungwa na akili mnemba halihesabiwi kuwa wazo la mwombaji. Wasifu wa mtafiti sasa unatengenezwa ndani ya SciENcv, mfumo wa mtandaoni wa kuandaa wasifu, na unataka ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, kwa hiyo ile faili ya Word ya 2019 izikeni kwa heshima. Makala iliyokubaliwa kuchapishwa kuanzia 1 Julai 2025 lazima iwe wazi kwenye PubMed Central, hifadhi ya makala isiyolipiwa, siku ileile inapochapishwa. Ule muda wa kusubiri miezi 12 umekwisha. Kuweka nakala yako iliyokubaliwa humo ni bure. Mhariri akikuambia lazima ulipe ndipo utimize sharti la NIH, usifungue pochi kabla hujanipigia.

Na mahali pa kuchungulia: fursa zenyewe sasa zinatangazwa Grants.gov, wakati matangazo ya sera bado ninayapata kwenye NIH Guide, ukurasa wao wa matangazo, ambayo inatuma muhtasari kwa barua pepe kila wiki. Kwa mtafiti anayeanza kujitegemea, soma kuhusu K43, ruzuku ya Kituo cha Fogarty cha NIH, ambayo iliundwa kwa ajili ya watafiti chipukizi wa nchi kama zetu. Halafu fungua RePORTER, kanzidata ya miradi inayofadhiliwa na NIH, bandika muhtasari wako kwenye kile kipengele cha Matchmaker, kitakuonyesha miradi inayofanana na yako na maofisa wanaoisimamia. Waandikie. Watu wetu wanaona aibu kumwandikia ofisa wa Marekani kabla ya kuomba, kana kwamba ni kuomba upendeleo, ilhali Wamarekani wenzao wanafanya hivyo kila siku.

Daktari alituma andiko lake Jumatano saa tisa alasiri, siku mbili kabla. Mfumo ukarudisha kosa moja: malengo yalikuwa yamezidi ukurasa mmoja. Akarekebisha, akatuma tena, akaenda kuona wagonjwa wake.

Mimi nilitoka getini na simu. Pale ukutani kuna kibao kidogo cha bati chenye jina la barabara na namba yetu, kilichopigiliwa na vijana wa mtaa, na kwa miaka tulikuwa tunatundikia kufuli juu yake. Nimehamisha kufuli, nikakipiga picha, na picha iko kwenye faili la SAM, nyuma ya barua ya mtendaji.