Je, wajua kwa nini ni vigumu kuamua nani mwovu zaidi kati ya Shylock na Antonio?

Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, mahasimu wawili wanafungwa na mkataba mmoja. Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba, anampa mfanyabiashara Antonio dukati 3,000, yaani sarafu za dhahabu za Venisi, kwa miezi mitatu, ili rafiki yake Bassanio apate gharama za kwenda kumposa Portia. Zisiporudi kwa wakati, Shylock ana haki ya kukata ratili moja ya nyama mwilini mwa Antonio.

Kwa msomaji wa Dodoma, kumchukia mkopeshaji ni jambo jepesi. Wafanyabiashara wadogo wa Majengo na Sabasaba wanaifahamu mikopo iitwayo kausha damu, ambayo mkopaji akikwama, vyombo vya ndani hubebwa. Kwa hiyo Antonio, anayekopesha bila riba na ambaye mara nyingi amewakomboa wadaiwa wa Shylock, huwa amekwisha kupendwa kabla hatujamsikiliza vizuri, na hapo ndipo hukumu yetu inapoanza kupinda.

Tuitazame siku ya kukopa. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemtemea mate, amempiga teke na kumwita mbwa mbele za watu, kisha anauliza kama mbwa anaweza kuwa na fedha za kukopesha. Antonio hakanushi wala haombi radhi. Anajibu kwamba yu tayari kumwita hivyo tena na kumtemea mate tena, na kwamba Shylock amkopeshe kama anavyomkopesha adui. Mtu anayesema hivyo huku mkono ukiwa umenyooshwa kupokea fedha ana kiburi cha kutisha, nasi hukipita haraka kwa sababu mji mzima wa Venisi unakiona ni uungwana.

Shylock naye si mnyonge asiye na hatia. Yeye mwenyewe anakiri kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa mikopo yake isiyo na riba inashusha viwango sokoni. Binti yake, Jessica, anapotoroka na mpenzi wake Mkristo, Lorenzo, akiwa amebeba fedha na vito, chuki hiyo inapata kuni mpya. Hata yale maneno yake mashuhuri, anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hatoki damu akichomwa, hayaishii kwenye kudai utu. Yanaishia kwenye kudai haki ya kulipiza kisasi. Merikebu za Antonio zinapodhaniwa zimepotea na deni linapopita muda wake, Shylock anadai nyama yake mahakamani. Bassanio anamwekea dukati 6,000, naye anazikataa. Ananoa kisu kwenye soli ya kiatu, mizani i tayari, na Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anapomsihi aite daktari ili Antonio asife kwa kuvuja damu, anauliza kama jambo hilo limeandikwa kwenye mkataba.

Portia anaushinda mkataba kwa maneno ya mkataba wenyewe: nyama ichukuliwe, lakini lisidondoke hata tone moja la damu. Wengi huhesabu kwamba uovu umekomea hapo. Mimi naona sehemu nzito zaidi ndiyo inayofuata, pale Shylock anapohukumiwa kupoteza mali yake kwa kutaka kumuua Antonio, na Antonio anapoulizwa atamwonea huruma gani. Anaomba asamehewe sehemu ya adhabu ya mali, lakini kwa masharti: nusu ya mali aishike yeye kwa niaba ya Lorenzo, vyote atakavyoacha Shylock vimwendee Lorenzo na Jessica, na Shylock abatizwe. Hakuna kisu kinachoonekana, wala hakuna anayeshtuka ukumbini. Hata hivyo, kumlazimisha mtu kuiacha dini yake ni kumwondoa katika jamii yake, na kwa Myahudi aliyeishi kwa kutoza riba, jambo ambalo Kanisa lilikuwa likilikataza kwa waumini wake, ni kumnyang'anya pia kazi yake.

Basi ugumu wa kuwapima unatokana na namna tamthilia ilivyoupanga ukatili wao: wa Shylock umewekwa wazi na unapingwa na kila mtu, ilhali wa Antonio unapitishwa na mahakama na kuitwa huruma. Katika tendo la tano, Shylock haonekani tena jukwaani, na Antonio analetewa habari kwamba merikebu zake tatu, zilizodhaniwa zimepotea, zimefika bandarini na shehena zake.