Je, wajua kwa nini tamthiliya ya robo saa husomwa wiki nzima chuoni?

Mwanafunzi wa fasihi anayeingia chuo kikuu jijini Mwanza huwa amekwisha kuzoea kuichambua tamthiliya kwa utaratibu aliofundishwa sekondari: dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi huwekwa upande wa maudhui, ilhali wahusika, mandhari, muundo na mtindo huwekwa upande wa fani. Utaratibu huo humfaa sana akiwa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein mkononi, lakini humtupa mkono anapokabidhiwa tamthiliya fupi ambazo Samuel Beckett aliziandika katika sehemu ya mwisho ya maisha yake. Humo hakuna mgogoro unaosuluhishwa wala ujumbe unaoandikika kwa mstari mmoja, na pengine mhusika mwenyewe ni kinywa tu.

Beckett alizaliwa karibu na Dublin, Ayalandi, mwaka 1906, akaishi Paris kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1969 na kufariki mwaka 1989. Kadiri alivyozidi kuzeeka ndivyo kazi zake za jukwaani zilivyozidi kupungua urefu. Breath, iliyoonyeshwa mwaka 1969, ni ya nusu dakika hivi: takataka zimetapakaa jukwaani, kinasikika kilio kifupi, pumzi inavutwa, inatolewa, kilio kinarudi, basi. Zikafuata Not I mwaka 1972 na Footfalls mwaka 1976, kisha Rockaby na Ohio Impromptu, ambazo zote mbili zilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1981, mwandishi alipotimiza miaka 75. Ohio Impromptu iliandikwa mahsusi kwa ajili ya kongamano la wataalamu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, kwa hiyo kuikuta darasani si ajabu hata kidogo.

Sababu ya ufupi huo inaonekana mapema mno katika maisha yake. Mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka 23, Beckett aliandika insha kuhusu James Joyce, mwandishi mwenzake wa Ayalandi, akadai kwamba katika kazi ya Joyce fani ndiyo maudhui na maudhui ndiyo fani. Uzeeni alilitekeleza wazo hilo mwenyewe kwa ukali ambao sidhani kama alikuwa ameukusudia ujanani. Katika Not I, jukwaa zima lina giza isipokuwa kinywa cha mwanamke kilichomulikwa juu hewani, kikimimina maneno kwa kasi ambayo msikilizaji hawezi kuifuata yote. Ukimuuliza mwanafunzi dhamira ya kazi hiyo atajibu upweke au kiwewe, na hatakuwa amekosea. Lakini atakuwa ameiacha kasi yenyewe, ambayo ndiyo inayomfanya mtazamaji akose pumzi pamoja na mzungumzaji. Taswira moja ya namna hiyo haivumiliki kwa saa mbili, si kwa hadhira wala kwa mwigizaji. Billie Whitelaw, aliyeiigiza London mwaka 1973, alikaa kitini akiwa amefungwa na kichwa chake kikiwa kimebanwa ili kinywa kisitoke kwenye mwanga.

Wiki nzima ya darasa, basi, hutumika zaidi kwenye maelekezo ya jukwaani, yale maandishi ya mlazo ambayo wengi tulizoea kuyaruka tukiwahi mazungumzo. Footfalls ni mfano mzuri. May, mwanamke aliyevaa vazi chakavu la kijivu linaloburuta chini na kuficha miguu, anatembea kwenye ukanda wenye upana wa mita moja, hatua tisa kwenda na tisa kurudi, huku akizungumza na sauti ya mama yake inayotoka gizani. Mwanga ni hafifu, una nguvu kidogo sakafuni na unafifia kadiri unavyopanda kuelekea kichwani. May anasema kwamba kutembea pekee hakutoshi, ni lazima azisikie hatua zake. Sasa, jaribuni kuitembea katika ukumbi wa sakafu ya saruji pale Nyegezi: miguu mitupu haitoi sauti yoyote, na kandambili zitaliangusha darasa zima kwa kicheko. Mchanga kidogo wa ziwani ukinyunyizwa sakafuni, mkwaruzo unasikika hadi nyuma, na hapo ndipo wanafunzi wanapong'amua kwamba walichokuwa wakikitafuta kwenye maneno kilikuwa kwenye nyayo.

Giza nalo lina taabu yake. Kumbi nyingi za huku zina madirisha mapana ya kupitisha upepo wa ziwa, hivyo Not I haifanyiki kabla ya saa moja na nusu usiku. Na zipo siku ambazo wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi wakifuata mwanga wowote uliopo. Mwanga pekee uliopo ukiwa juu ya kinywa kilicho wazi, msomaji wa Mwanza hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka ule ule wa 1976, Ebrahim Hussein alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo miwili mifupi ya kishairi ambayo inaweza kubebwa na mtambaji mmoja. Kuisoma sambamba na Footfalls kuna faida, mradi mtu asidhani zimefuata njia moja: Hussein aliufikia ufupi kupitia ngano na mtambaji wake, ilhali Beckett aliufikia kwa kupunguza.

Uzito wa maelekezo ya jukwaani ya Beckett ulidhihirika mwaka 1994, pale Deborah Warner alipoiongoza Footfalls jijini London akiwa na mwigizaji Fiona Shaw, akamruhusu May kutoka kwenye ukanda wake. Wasimamizi wa haki za Beckett walikasirika, na onyesho halikuruhusiwa kupelekwa Ufaransa. Binafsi naona adhabu hiyo ilizidi kipimo, kwani jukwaa hufa likikatazwa kujaribu. Hata hivyo, anayedai kwamba May nje ya ukanda wake bado ni May yule yule ana kazi kubwa ya kulithibitisha hilo.