Gari la Zimamoto Lisilo na Tanki

Juzi, katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, mzee mmoja alitazama picha ya gari la kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Ujerumani, akaniambia kwamba gari lisilobeba maji si la zimamoto. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na leo nalijibu.

Gari hilo, liitwalo TSF, hubeba watu 6, mipira, mitungi ya hewa ya kupumulia na pampu ya kubebwa mikononi yenye uwezo wa kusukuma lita 1,000 kwa dakika. Si gari duni: kule magari ya zimamoto walioajiriwa na ya wanaojitolea hufuata viwango vilevile vya DIN, shirika la viwango la Ujerumani. Tofauti ni kwamba kijiji kilicho kando ya bwawa au mto hakina sababu ya kusafirisha maji.

Sasa tupige hesabu ambayo wanaolaumu kwamba gari letu limekuja bila maji hawaipigi. Tanki la lita 5,000 likilisha nozeli 2, kila moja lita 400 kwa dakika, hukauka baada ya dakika 6 na sekunde 15. Gari halikuja tupu. Limeishiwa, na hapo ndipo swali la chanzo cha maji linapoanza, kwa mwajiriwa na kwa mwenye kujitolea.

Sisi wa Kigoma tunalo Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, pampu haivuti maji. Huondoa hewa katika mpira wa kufyonzea, kisha shinikizo la hewa ya nje ndilo linalosukuma maji juu. Kwa kuwa ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, shinikizo hilo ni dogo kuliko pwani, na kimo cha juu kabisa cha kufyonza maji kinadharia hushuka kutoka mita 10.3 hadi kama 9.4. Kiungio kimoja kinachovujisha hewa hukunyima hata mita 3. Ukishayapata maji, kila mita 10 za kimo cha mlima kuelekea Mwanga, hapa mjini, hula takriban bar 1 ya shinikizo la pampu, mbali na msuguano ndani ya mipira. Kwa hiyo moto ukiwa mbali juu mlimani, pampu ya pili njiani ni lazima.

Ningependa kila mwalo uwe na pampu ya namna hiyo na vijana waliofunzwa, lakini shaka ninayo. Nimewahi kuvuta kamba ya pampu iliyokaa miezi na petroli ileile, ikakataa kuwaka, ilhali maji yalikuwa hatua chache tu. Kabla ya kuinunua, nitataka kujua ni nani atakayeiwasha kila Jumamosi, na petroli yake italipiwa na nani.