Pedali ya muziki ya zamani isiyo na jina, unaijuaje?

Pedali kwa wapiga gitaa na kinanda ni kile kiboksi kinachokaa chini mguuni, waya wa gitaa unaingia upande mmoja unatokea wa pili kwenda kwenye amplifaya, na humo katikati sauti inafanyiwa vituko, inakwaruzwa, inatiwa mwangwi, au inalizwa "wawa" kama mtoto mchanga. Ile ya kukwaruza iliyotangulia kuuzwa madukani ni Maestro Fuzz-Tone ya Marekani, 1962, kwa hiyo vitu hivi vina umri wa mababu sasa.

Huku kwetu Unguja tabu si pedali mpya, mpya ina jina lake na karatasi yake. Tabu ni ile inayotoka stoo, mzee alikuwa akipiga bendi zamani, watoto wanasafisha chumba wanakuta chuma kizito kimepakwa rangi juu ya rangi. Juzi mpwa wangu kaniletea kimoja kutoka Kikwajuni, kijani, na rangi yenyewe ile ya boti, "mjomba nimegugo mpaka nimechoka, hichi nini?" Sasa utagugo nini na wewe jina hulijui!

Kwanza hakikisha ni pedali ya muziki kweli. Usicheke, pedali ya cherehani ya umeme inafanana nayo sana na ile inapitisha umeme wa ukutani, volti 230, ukiichomeka gitaa umejitafutia kilio. Ya muziki lazima iwe na matundu ya jeki ya gitaa, au yale ya duara yenye vitundu vitano ndani kama redio za zamani za Kijerumani. Hayo matano yasikutishe, pedali nyingi za Urusi ya Kisovieti ziliyatumia, na visiwa hivi enzi hizo tulikuwa na urafiki mkubwa na upande ule, hata ramani za maghorofa ya Michenzani walichora wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ukiona maandishi ya Kirusi na bei ya rubo imegongwa pale pale kwenye bodi, ndo hiyo.

Halafu jina la juu, hata likiwepo, usiliamini sana. Kiwanda cha Jen kule Pescara, Italia, kiliwatengenezea Vox pedali za wawa, na Ibanez nyingi zilizopata sifa zimetengenezwa na Maxon wa Japani. Jina ni la muuzaji. Mie nachukua bisibisi nafungua tumbo.

Ndani angalia voliumu, sio kishikio cha juu, ile yenyewe ya bati. Mgongoni ina namba imegongwa, mara nyingi imejaa vumbi, ifute polepole kwa kitambaa usikwangue. Ile ya kijani ilikuwa na 1377315. Wengi wanadhani ni namba ya simu lol. 137 ni kiwanda cha CTS Marekani, 73 ni mwaka 1973, 15 ni wiki ya kumi na tano, yaani Aprili. Hapo unajua pedali haikutengenezwa kabla ya Aprili 1973, inaweza kuwa baadaye maana voliumu nazo hukaa dukani, na kama risasi ya kulehemu kwenye miguu yake inang'aa kuliko nyengine jua fundi kashaibadilisha na tarehe yako imekufa.

Transista, vile vidude vidogo vya miguu mitatu vinavyokuza sauti, nazo zinasema kwao. Ikianza 2N ni mtindo wa Marekani, 2SA, 2SB au 2SC ni Japani, AC na OC ni za Ulaya, nyingi za jamaniamu (germanium, malighafi ya transista za zamani), BC ni ya Ulaya pia lakini silikoni. Za jamaniamu ndo watu wanazigombania, ila angalia, pedali zake nyingi chanya ya betri ndo inayogusa boksi, kinyume na pedali za siku hizi, usizichangie adapta moja na nyengine. Tia betri yake peke yake.

Na ile inayokwenda juu chini kama ya kuongeza sauti ya kinanda? Kama ndani kuna voliumu na waya tu, hiyo ya kuongeza sauti basi. Ukikuta transista mbili na kikoili kidogo, yaani waya mwembamba uliozungushwa, hiyo wawa, maana kikoili ndo kinachoiliza.

Ya mpwa wangu ilikuwa nacho kikoili, na transista mbili za 2N. Tukatia betri, ikakoroma kwanza kama mzee aliyeamshwa saa ya kulala, nikaipeleka mguu mara kumi hivi, ikasema wawa. Sasa kijana anataka kukwangua ile rangi ya boti aone chuma kilivyo, nimemwambia yakhe iache hivyo hivyo.